Kukaa na mgonjwa katika siku zake za mwisho: kazi ya anayeuguza ni ipi?

Swali: "Mama mkubwa aliyenilea ana saratani ya titi ambayo sasa imeingia kwenye mifupa. Madaktari wametuambia kwamba hawana tena tiba ya kuiondoa, wakaturuhusu turudi naye nyumbani na chupa ya morfini ya maji. Ndugu wamekubaliana kwamba mimi ndiye nikae naye, na wamenionya nisimwambie kwamba hatapona. Yeye ananiuliza kila siku ni lini atarudi hospitali kutibiwa. Ninaiogopa ile dawa, ninayaogopa maswali yake, na zaidi ya yote ninaogopa kukaa tu pale nikimwangalia wakati hakuna la kufanya. Nikae naye namna gani?"

Jibu:

Dada yangu, pole sana kwa kuuguza.

Nitaanza na maneno yako ya mwisho, kwa kuwa naona ndiyo yanayokulemea kuliko hofu zako nyingine. Madaktari waliposema kwamba hawana tena tiba, walikuwa wanaizungumzia saratani. Saratani haitaondoka, lakini maumivu yanaweza kutulizwa, kinywa kilichokauka kinaweza kulowanishwa, hofu ya usiku wa manane inaweza kupungua mgonjwa akijua kwamba aliye karibu naye yuko macho, na neno alilolificha moyoni kwa miaka mingi linaweza kupata msikilizaji kabla hajaondoka. Sisi tunaofanya kazi ya tiba shufaa, yaani huduma ya kutuliza maumivu na mateso ya mgonjwa mwenye ugonjwa mzito, tunakiona kipindi hiki kuwa chenye shughuli nyingi kuliko vyote, na sehemu kubwa ya shughuli hizo huangukia mikononi mwa mtu aliye kando ya kitanda, ambaye kwa sasa ni wewe. Unauliza ukae naye namna gani. Hilo ni swali la kazi, na kazi hujifunzwa.

Aliyeifikisha kazi hii kuwa fani ya utabibu ni Mwingereza Cicely Saunders, aliyezaliwa mwaka 1918 na kufariki mwaka 2005. Alianza akiwa muuguzi, kisha akawa ofisa wa ustawi wa jamii hospitalini, na katika nafasi hiyo alimhudumia David Tasma, Myahudi kutoka Poland aliyekuwa anakufa kwa saratani jijini London, mbali na jamaa zake. Wawili hao walizungumza mara nyingi juu ya mahali ambapo watu walio katika hali kama yake wangetulizwa maumivu na kupata mtu wa kuwasikiliza, na Tasma alipofariki mwaka 1948 alimwachia pauni 500 ili ziwe dirisha katika nyumba ambayo Saunders angekuja kuijenga. Saunders akasomea udaktari akiwa mtu mzima, na mwaka 1967 akafungua St Christopher's Hospice jijini London, hospisi yake, yaani nyumba ya kuwatunza wagonjwa wanaokaribia kufa. Alifundisha kwamba maumivu ya mtu anayekufa ni kitu kimoja chenye pande nne: mwili, hisia, mahusiano yake na watu, na roho yake. Mama mkubwa anapolalamika saa nane za usiku kwamba mgongo unamuuma, huenda ni mgongo kweli, huenda ni mtu waliyeachana naye kwa ugomvi, na mara nyingi ni vyote viwili kwa pamoja. Dawa bila masikio haitamtosha, na maneno mazuri kwa mtu aliyenyimwa dawa ni ukatili.

Mwili hutangulia. Mtu mwenye maumivu makali hawezi kuzungumza, hawezi kusali wala kuaga, na hata uso anaoupenda humchosha, kwa hiyo hofu yako ya morfini inabidi tuimalize kabla ya jambo jingine lolote. Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kutuliza maumivu ya saratani, na mambo mawili yaliyomo ndiyo ninayowafundisha wanaouguza nyumbani hadi leo: dawa inywewe kwa mdomo pale inapowezekana, na inywewe kwa saa. Morfini ya maji hufanya kazi kwa muda wa takriban saa 4, ndiyo maana kwa kawaida hutolewa kila baada ya saa 4, maumivu yawepo yasiwepo. Familia nyingi huitunza chupa kabatini zikingoja mgonjwa alie ndipo zimpe, na hapo ndipo mateso yasiyo ya lazima yanapoanzia, kwa sababu maumivu yaliyoachwa yakapanda ni magumu kuyashusha kuliko yalivyokuwa kuyazuia. Muulize muuguzi wenu kipimo cha nyongeza ni kiasi gani kwa maumivu yanayochomoza kabla ya saa ya dawa kufika, na muulize pia kama kipimo cha wakati wa kulala kinaweza kuongezwa ili mgonjwa asiamshwe usiku wa manane. Nje ya maelekezo hayo usikiongeze kipimo kwa wasiwasi, wala usikipunguze kwa huruma.

Wanayosema watu kuhusu morfini mengi ni ya kutisha na machache ni ya kweli. Mtu anayeinywa kwa ajili ya maumivu ya saratani, kwa kipimo alichopangiwa, ni nadra sana kuwa mraibu, na dawa hiyo ikitolewa kwa usahihi haimharakishii kifo. Kuianza hakumaanishi kwamba mwisho umefika. Wapo wanaoitumia kwa miezi mingi huku wakiendelea na shughuli zao. Yanayotokea kweli ni haya. Siku mbili tatu za mwanzo atasinzia sana, na mara nyingi huo ni usingizi ambao maumivu yalikuwa yamemnyima. Anaweza kupata kichefuchefu, ambacho hupita baada ya siku chache. Na atafunga choo, jambo ambalo halipiti lenyewe, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo hutolewa kila siku sambamba na morfini. Kama mlirudi nyumbani bila dawa hiyo, mpigie simu muuguzi leo. Ukiona mwili wake unashtukashtuka, au anaona vitu visivyokuwepo, au ni vigumu kumwamsha, toa taarifa mara moja, maana huenda figo zimedhoofika na dawa inajikusanya mwilini, na kipimo kinahitaji kubadilishwa.

Kwa kuwa ugonjwa umeingia kwenye mifupa, maumivu yake makali zaidi yatakuja anapoguswa na kugeuzwa. Zungumza na muuguzi ili mambo yanayoumiza, yaani kuoga, kubadilishwa shuka na kugeuzwa, yafanyike baada ya mgonjwa kupewa kipimo cha nyongeza na kupumzika nusu saa. Mgeuzeni watu wawili kwa kutumia shuka iliyokunjwa chini yake, bila kumvuta mikono. Kila baada ya saa 2 hadi 4 abadilishwe upande ili asipate vidonda vya kulala. Ila katika siku za mwisho kabisa, kama kila kumgeuza kunamliza, utulivu wake una uzito kuliko ratiba. Ulizeni pia kuhusu mionzi, kwa sababu hata pale ambapo saratani haiwezi kuondolewa, mionzi ya mara moja tu kwenye mfupa unaouma huwapunguzia wagonjwa wengi maumivu. Na lipo jambo moja la dharura ambalo nakuomba ulikumbuke: akikuambia ghafla kwamba miguu imelegea au ina ganzi, au akashindwa kukojoa, hasa kama maumivu ya mgongo nayo yameongezeka, piga simu saa hiyohiyo. Inawezekana saratani inaibana neva kubwa iliyomo ndani ya uti wa mgongo, na saa chache zinaweza kuamua kama atasimama tena.

Chakula huleta ugomvi katika nyumba nyingi zenye mgonjwa wa aina hii. Atakula kidogo, kisha kidogo zaidi, nawe utaanza kuamini kwamba anadhoofika kwa sababu hali chakula. Kwa mgonjwa aliyefika hatua hii mambo yako kinyume: yeye hali chakula kwa sababu mwili unaoelekea mwisho hauwezi tena kukitumia. Kumlazimisha kunamtapisha, kunampalia, na kunageuza kila mlo kuwa mtihani anaoushindwa mbele ya watu anaowapenda. Mpe anachokitaka, kwa kijiko kidogo, akiwa ameinuliwa kichwa, na anapogeuza uso uache. Kiu ya siku hizo hukaa zaidi kinywani, na dripu haiondoi ukavu wa kinywa. Kinachouondoa ni kitambaa laini kilicholoweshwa maji safi, ukipitisha taratibu kwenye midomo, fizi na ulimi kila baada ya saa moja au mbili, kisha ukampaka midomo mafuta mepesi. Kazi hii ndogo naithamini sana, kwa sababu inaweza kufanywa na ndugu yeyote, hata yule anayekaa sebuleni akisema kwamba hajui amwambie nini mgonjwa.

Sasa nije kwenye katazo la ndugu zako, ambalo naona ndilo zito kuliko yote uliyoyaandika. Siwalaumu, kwa maana wanamficha kwa sababu wanampenda. Lakini wagonjwa wengi niliowahudumia walikuwa wamekwisha kujua, na walijua kabla ya sisi kupata ujasiri wa kusema. Mwili wa mtu humweleza mwenyewe. Mgonjwa huona macho ya wanaoingia kumsalimu, husikia mazungumzo yanayokatika anapofumbua macho, huona kwamba hakuna tena anayemtajia tarehe ya kurudi kliniki. Anapokuuliza kila siku ni lini atarudi hospitali, huenda hatafuti tarehe; huenda anakupima kama wewe ni mtu anayeweza kusema naye kweli. Siri ya namna hii haimkingi na kifo wala na hofu ya kifo. Inachofanya ni kumwacha na hofu hiyo peke yake, yeye akiwaficha ninyi kwamba anajua, ninyi mkimficha yeye kwamba mnajua, na siku za kuagana zikapita wote mkiigiza.

Hata hivyo sikushauri uingie chumbani ukamtangazie kwamba atakufa. Ukweli huo ni mali yake, na yeye ndiye mwenye haki ya kuamua aupokee kwa kiasi gani na kwa wakati gani. Wapo watu wasiotaka kujua, nao waheshimiwe vilevile. Njia iliyo salama ni kulifuata swali lake. Anapokuuliza habari ya hospitali, kaa chini kwanza, kwa kuwa jibu la mtu aliyesimama mlangoni humfikia mgonjwa kama kukimbiwa. Kisha muulize, "Mama, wewe mwenyewe unaionaje hali yako?" Halafu unyamaze, hata kama kimya kitarefuka kuliko unavyoweza kuvumilia. Akikujibu, "Naona nitapona," usimpinge na usimwahidi. Sema, "Nami natamani hivyo," kwa sababu ni kweli unatamani. Akisema, "Naona siku zangu zimekwisha," usikimbilie kumwambia asiseme hivyo. Hayo ni maneno tunayoyasema ili kujituliza sisi wenyewe, na mgonjwa akiyasikia mara mbili hatajaribu tena. Muulize anachokiogopa zaidi. Utashangaa ni mara ngapi jibu halihusu kifo chenyewe. Watu huogopa maumivu, huogopa kuwa mzigo, huogopa kukata roho usiku bila mtu, huogopa kwamba fulani hatasomeshwa. Na hofu iliyotajwa kwa jina lake mara nyingi ina la kufanyiwa.

Na siku atakapokukazia macho akuulize waziwazi, "Je, nitapona?" usimdanganye. Unaweza kusema: "Madaktari walisema hawana dawa ya kuuondoa ugonjwa, lakini wanayo ya kutuliza maumivu, na mimi nipo." Anaweza kulia. Mwache alie, ukae hapo hapo, usimpanguse machozi kwa haraka kana kwamba yamekosea. Anaweza pia kukaa kimya na kubadili mazungumzo. Mfuate kule anakokwenda, atarudi mwenyewe akiwa tayari. Kuhusu ndugu, waambie mapema, kwa adabu lakini bila kuyumba, kwamba wewe hutaanzisha habari hiyo, ila akikuuliza moja kwa moja hutasema uongo. Kama watapinga, mwombeni daktari au muuguzi akae nanyi wote kwa pamoja. Waelezeni pia kwamba yapo mambo ambayo ni yeye peke yake anayeweza kuyajibu, na muda wa kuyajibu unapungua: anataka kufia wapi, nani aitwe, nani asimamie alivyonavyo, anataka ibada ya namna gani, na kama hali ikibadilika ghafla angependa kurudishwa hospitali au aachwe kitandani pake. Familia zilizofichana hubaki na maswali hayo yote siku ambayo mgonjwa hawezi tena kusema.

Huenda mmoja wao atakwambia kwamba kukubali tiba shufaa ni kukata tamaa, na kwamba kutamharakisha. Mjibu kwa habari hii. Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa Marekani kwa wagonjwa 151 wenye saratani ya mapafu iliyokwisha kusambaa. Katika kundi lililopata tiba shufaa mapema pamoja na matibabu ya kawaida, nusu ya wagonjwa walivuka miezi 11.6 wakiwa hai, na katika kundi lililopata matibabu ya kawaida pekee, nusu yao walivuka miezi 8.9. Waliopata tiba shufaa walikuwa pia na dalili chache za sonona. Mama mkubwa ana ugonjwa mwingine na yuko katika hatua nyingine, kwa hiyo sikupi tarakimu hizo ziwe ahadi. Nakupa ili usikubali kwamba kumtuliza mtu ni kumtupa. Kama mmempata muuguzi wa tiba shufaa, mshikeni sana, kwani Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka watu milioni 56.8 wanaihitaji huduma hiyo, na wanaoipata ni takriban asilimia 14 tu.

Sasa kuhusu kule kukaa tu, ambako unakuogopa. Huko Eugene, mji wa jimbo la Oregon nchini Marekani, muuguzi Sandra Clarke aliombwa na mzee mmoja mgonjwa akae naye. Alikuwa na wagonjwa wengine wa kuwahudumia, akamwahidi kwamba angerudi, na aliporudi alimkuta amekwisha kufariki, hana mtu. Miaka mingi baadaye, mwaka 2001, alianzisha mpango wa watu wa kujitolea kukaa zamu kando ya wagonjwa wanaokufa bila ndugu, na hospitali nyingi zimeuiga tangu hapo. Watu hao hawatoi dawa. Wanaketi, wanasoma kwa sauti ya chini ikiwa mgonjwa anapenda, wanamshika mkono, wanamwita muuguzi wanapoona uso umekunjamana. Mzee yule alimwomba Clarke akae, na kwake kukaa kulikuwa ndiyo huduma yenyewe.

Kwa hiyo kaa mahali anapoweza kukuona bila kugeuza shingo, macho yako yakiwa usawa wa macho yake. Simu iwe chumba kingine. Ukimshika mkono, weka mkono wako chini ya wake, ili akichoka aweze kuuondoa bila kuona haya. Ukiwa na kazi ya mikono kama kushona au kukunja nguo, ifanye hapo hapo, maana wagonjwa wengi huona raha kuwa na mtu ambaye hawamngoji azungumze wala hawalazimiki kumburudisha. Akiwa na nguvu, muulize habari za maisha yake. Daktari wa magonjwa ya akili wa Kanada, Harvey Chochinov, alitengeneza utaratibu mzima kutokana na jambo hilo: mgonjwa huulizwa ni nyakati zipi alijiona yu hai zaidi, ni kazi gani anayojivunia, ni lipi angetaka walio wake walijue au walikumbuke, maneno yake huandikwa, yeye huyasahihisha, kisha familia hukabidhiwa. Wewe huhitaji utaalamu huo wote. Daftari moja na swali moja kwa siku vinatosha, na uandike anavyosema yeye, bila kumrekebisha tarehe wala kumwongezea mafundisho. Kama ni mtu wa ibada, msomee anayoyapenda. Kama hakuomba, usiugeuze udhaifu wake kuwa nafasi ya kumhubiria.

Itafika siku ambayo hataweza kuzungumza, na hiyo ndiyo nataka uijue mapema ili isikutishe. Atalala sehemu kubwa ya siku. Anaweza kusema na watu waliokwisha kufa, au kusema kwamba anataka kwenda nyumbani ilhali yuko nyumbani, usibishane naye. Mikono na miguu itapoa, ngozi ya magoti na nyayo inaweza kuingia madoa ya rangi ya zambarau au weusi. Pumzi itabadilika: atahema kwa kasi, kisha pumzi itapungua, itasimama kwa sekunde nyingi kiasi cha wewe kudhani yamekwisha, halafu itaanza tena. Koo linaweza kutoa sauti ya kukoroma yenye majimaji, kwa kuwa hawezi tena kumeza mate. Sauti hiyo huwatesa wanaoisikia kuliko yeye, ambaye kwa wakati huo kwa kawaida hana fahamu za kutosha kuihisi. Mlaze upande, umwinue kichwa kidogo, na usijaribu kumnywesha chochote. Akiweweseka na kuvuta shuka, angalia kwanza kama kibofu kimejaa au kama amefunga choo, kisha mwite muuguzi, kwa sababu zipo dawa za kutuliza hali hiyo. Asipoweza tena kumeza, morfini haikatwi. Hubadilishwa njia, kwa sindano ndogo chini ya ngozi au kwa namna nyingine atakayopanga muuguzi. Panga naye jambo hilo sasa, usingoje usiku utakapolihitaji.

Katika saa hizo endelea kumsemesha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia nchini Kanada walichapisha mwaka 2020 vipimo vya ubongo vya wagonjwa wa hospisi waliokuwa saa chache tu kabla ya kufa, na katika baadhi ya wale waliokuwa hawaitikii tena chochote, ubongo bado uliipokea sauti kwa namna inayofanana na ya watu wenye afya. Haikujulikana kutokana na vipimo hivyo kama wanaelewa maneno, lakini hiyo inanitosha kukushauri usizungumze juu yake kana kwamba hayupo. Mtaje jina kabla hujamgusa. Mweleze unachotaka kufanya. Mshukuru kwa kukulea, kwa kutaja mambo yenyewe uliyoyaona yeye akikufanyia; muombe radhi kama ipo ya kuomba; na ukiweza, mwambie kwamba mtatunzana, kwa maana wazazi wengi huonekana kana kwamba wanangoja kusikia hilo.

Nikuonye pia juu ya jambo ambalo huwaachia wengi jeraha la muda mrefu. Inaweza kutokea ukakaa naye siku na usiku, halafu akakata roho katika dakika tano ulizokwenda kunawa uso. Tumeliona hilo mara nyingi mno katika kazi hii, na wapo kati yetu wanaoamini kwamba baadhi ya wagonjwa huona wepesi kuondoka pasipo macho ya wapendwa wao. Sababu yoyote iwayo, hukumwacha. Wiki zote ulizokuwepo ndizo huduma, na dakika ya mwisho haina thamani kuliko zile zilizoitangulia. Na iwapo utakuwepo, hakuna haraka ya kufanya lolote baada ya hapo. Mpigie muuguzi, kisha kaa naye kadiri unavyohitaji kabla watu hawajajaa nyumbani.

Limebaki jambo lako wewe mwenyewe, nalo sitaki ulisome kama nyongeza. Ndugu wamekuachia kazi ambayo mtu mmoja haiwezi, na aliyekosa usingizi siku nyingi hukosea vipimo vya dawa, hupandisha sauti kwa mgonjwa, kisha hujichukia kwa ajili hiyo. Waite kabla ya wiki hii kwisha. Usiwaombe msaada kwa jumla, kwa sababu ombi la jumla kila mtu hudhani limeelekezwa kwa mwenzake. Mpe kila mmoja zamu yenye siku na saa, na walau usiku mmoja kati ya kila tatu ulale wewe chumba kingine, mlango umefungwa. Watoto wakitaka kuingia kumwona, waingie, mkiwa mmewaeleza kwanza watakachokiona. Fungua daftari la dawa leo, uandike kila kipimo, saa kilipotolewa, jina la aliyekitoa na jinsi mgonjwa alivyokuwa baadaye, ili anayepokea zamu asibahatishe. Namba ya simu ya muuguzi, pamoja na ile ya kupigiwa usiku, iandike kwa herufi kubwa kwenye jalada la daftari hilo, na umwombe akuhakikishie kwamba mtu atapokea.